Gofu Bila Kedi: Kucheza Marekani, na Watu Waliofungua Milango

Wengi wetu tuliotoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam tumeijua gofu kwa kuiona kupitia uzio. Kuna geti, kuna mlinzi, na kuna ada ya uanachama ambayo mshahara wa kawaida hauifikii. Ukifika Marekani unakuta hali nyingine. Viwanja vingi ni vya umma, na baadhi ni mali ya jiji au kaunti. Unaweka nafasi kwa simu au mtandaoni, unafika kaunta unalipa, unaingia. Hakuna anayekuuliza ni mwanachama gani aliyekupendekeza. Ukienda peke yako, utaunganishwa na watu wengine watatu usiowajua, mpeane mikono, mtaje majina, mwanze.

Kitu utakachokikosa mara moja ni kedi. Kwenye klabu za nyumbani mtu anakubebea mkoba, anakutafutia mpira, anakuhesabia mikwaju na kukuonyesha mteremko wa grini, yaani majani mafupi yanayozunguka shimo. Kwenye viwanja vya umma vya Marekani kazi zote hizo ni zako. Ukizifanya vibaya, wenzako hawatakugombeza, ila hutaalikwa tena.

Anza na mpira kupotea, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapochelewesha kundi zima. Ukishapiga, usiondoe macho mpaka mpira usimame, kisha chagua alama iliyo kwenye mstari ule ule: mti, nguzo, kona ya bunka (shimo la mchanga). Tangu mwaka 2019 sheria inakupa dakika 3 za kutafuta, si 5 kama zamani, na dakika zinaanza unapoanza kutafuta. Usipouona, unarudi ulikopigia awali na unaongeza mkwaju mmoja wa adhabu. Ndiyo maana ukiwa na shaka unapiga mpira wa akiba kabla hujaondoka. Lakini kabla ya kuupiga, sema kwa sauti kwamba huo ni wa akiba. Usiposema, kisheria mpira ule wa pili ndio unaohesabika, na wa kwanza hata ukiokotwa katikati ya majani mazuri haufai tena. Watu wameshindwa mechi kwa kunyamaza tu.

Kwenye grini, tafuta tundu dogo ambalo mpira wako ulichimba ulipoanguka. Uma wa kulirekebisha unaingizwa pembeni mwa tundu, kisha unasukuma majani kuelekea katikati, kuzunguka pande zote, halafu unalaza kwa soli ya pata, fimbo ya kusukuma mpira shimoni. Usichomeke uma chini ya tundu na kuinua udongo juu. Ukifanya hivyo unakata mizizi, na pale patakuwa na kovu la kahawia kwa wiki kadhaa. Kwenye bunka unaingia kwa upande wa chini, unapiga, unafuta nyayo zako kwa reki huku unarudi njia ile ile. Umbali unausoma mwenyewe pia: viwanja vingi vina alama nyekundu kwa yadi 100, nyeupe kwa 150 na buluu kwa 200, zikipimwa hadi katikati ya grini. Yadi 150 ni kama mita 137.

Fimbo 14 ndizo za juu kabisa zinazoruhusiwa, na anayeanza hazihitaji. Saba za mitumba zinatosha: moja ndefu ya kuanzia, haibridi moja (kati ya fimbo ya mbao na ya chuma), chuma namba 6 na 8, wedge mbili za mipigo mifupi ya juu (moja iwe ya mchanga), na pata. Mkoba unakuwa mwepesi, na unajifunza kupiga fimbo moja kwa umbali tofauti.

Nimeanza na kedi makusudi. Historia ya watu weusi katika gofu ya Marekani kwa sehemu kubwa ni historia ya vijana waliobeba mikoba ya wengine, wakaujua mchezo kuliko wenye mikoba, kisha wakaambiwa wasicheze. Atokaye Kenya hahitaji kuelezwa sana. Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906 na Muthaiga mwaka 1913, enzi ambazo Mwafrika aliingia kiwanjani kufanya kazi tu, na hadi leo wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kwenye kubeba mikoba.

John Shippen alikuwa kedi kwenye klabu ya Shinnecock Hills, New York. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16, alijiandikisha kucheza US Open, mashindano ya wazi ya Marekani, palepale, pamoja na Oscar Bunn wa kabila la Washinnecock. Wachezaji wazungu walitishia kujitoa. Rais wa chama cha gofu, Theodore Havemeyer, aliwajibu kwamba mashindano yataendelea hata wakibaki hao wawili peke yao. Wote wakacheza. Baada ya raundi ya kwanza Shippen, kwa mikwaju 78, alikuwa miongoni mwa waliokuwa karibu na kileleni. Raundi ya pili mpira ukamwingia kwenye njia ya mchanga kwenye shimo la 13, akatumia mikwaju 11 pale peke yake. Kila aliyewahi kuharibu kadi nzima kwa shimo moja anajua maumivu hayo. Baadaye alifanya kazi miaka mingi Shady Rest, Scotch Plains, New Jersey, klabu ya watu weusi iliyoanza mwaka 1921.

Usidhani tangu hapo mambo yalizidi kuwa mazuri. Yaliharibika. Mwaka 1934 chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA of America, kiliandika kwenye katiba yake kwamba uanachama ni wa Wazungu pekee. Kifungu hicho kilidumu hadi Novemba 1961. Kilichokiondoa hasa ni shinikizo la Stanley Mosk, mwanasheria mkuu wa California, ambaye aliwabana PGA wasitumie viwanja vya umma vya jimbo lake huku wakibagua. Miaka yote hiyo watu weusi walicheza mashindano yao chini ya United Golfers Association, iliyoanzishwa mwaka 1925. Charlie Sifford, aliyekuwa kedi Charlotte akiwa mtoto, alishinda ubingwa wao wa taifa mara sita. Alipopata nafasi kwenye mashindano makubwa alikuwa ameshapita miaka yake bora ya mwili, na bado akashinda mashindano ya Hartford mwaka 1967 na ya Los Angeles mwaka 1969. Ukisikia mtu anasema weusi hawakuwa na hamu na gofu, mpe hesabu hiyo: miaka 27 ya kufungiwa mlango kwa maandishi.

Viwanja vya umma navyo havikufunguka vyenyewe. Desemba 1955, Greensboro, North Carolina, daktari wa meno George Simkins na wenzake watano waliweka senti 75 kila mmoja kaunta ya Gillespie Park, wakaingia kucheza. Walikamatwa, wakahukumiwa kwa kuingia mahali wasiporuhusiwa, ingawa kiwanja kilikuwa cha jiji na kodi walikuwa wanalipa. Jiji likaona heri kukifunga kiwanja kuliko kukichangia. Kilifunguliwa tena mwaka 1962, kwa watu wote. Mwaka huohuo wa 1955 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Holmes dhidi ya Atlanta, na viwanja vya jiji lile vikalazimika kupokea weusi. (Daktari wa meno mwingine mweusi, George Grant wa Boston, ndiye aliyesajili hataza ya kijiti cha kuwekea mpira mwaka 1899. Kila unapochomeka kijiti chini, kuna mkono wake hapo.)

Kwa anayeishi Washington na vitongoji vyake, ambako Waafrika Mashariki tuko wengi, historia hii ina anwani. Kiwanja cha Langston, kando ya mto Anacostia, kilifunguliwa Juni 1939 baada ya wacheza gofu weusi wa jiji kumwandikia waziri wa mambo ya ndani, Harold Ickes, wakidai pa kuchezea. Miongoni mwao walikuwa wanawake wa klabu ya Wake-Robin, iliyoanzishwa mwaka 1937 na Helen Webb Harris. Walichopewa mwanzoni ni mashimo 9 juu ya ardhi iliyokuwa jalala. Hawakuridhika nayo. Mwaka 1941 wanaume watatu weusi walikwenda kucheza East Potomac, kiwanja cha Wazungu, wakizomewa na umati, na Ickes akatamka kwamba viwanja vya umma vya jiji ni vya kila mlipa kodi. Langston iliongezwa kufikia mashimo 18 mwaka 1955. Kama unatafuta pa kuanzia gofu yako Marekani, anzia pale.

Sasa ushindani. Uzuri wa gofu ni kwamba anayepiga 98 anaweza kumshinda anayepiga 84, kihalali, kwa sababu ya handikapu, namba inayopima uwezo wako na kuonyesha mikwaju ya fidia unayostahili. Jiunge na klabu yoyote iliyo chini ya chama cha gofu cha jimbo lako, hata isiyo na kiwanja, ulipe ada ya mwaka, upewe namba. Alama za mashimo 54 kwa jumla zinatosha kuanzia, yaani raundi tatu za 18 au sita za 9. Ukifikisha raundi 20, mfumo unachukua 8 zilizo bora na kutafuta wastani wake.

Kila kiwanja kina namba mbili kwenye kadi: reti, yaani alama anayotarajiwa kupata mchezaji hodari, na slopu, inayopima jinsi kinavyomtesa mchezaji wa kawaida. Slopu ya kati ni 113. Chukua mfano wa kiwanja chenye reti 70.6, slopu 124 na pa 72 (pa ni idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo au kiwanja kizima). Handikapu yako ni 24.0, ya mwenzako 11.5. Zidisha 24.0 kwa 124, gawanya kwa 113, unapata 26.3, ongeza reti toa pa, ambayo hapa ni hasi 1.4, unabaki na 24.9, yaani 25. Yeye kwa hesabu hiyohiyo anapata 11. Tofauti ni 14. Basi kwenye mashimo 14 yaliyo magumu zaidi, yaliyoandikwa 1 hadi 14 kwenye mstari wa handikapu wa kadi, unapunguza mkwaju mmoja. Ukipiga 6 naye 5 kwenye shimo namba 9 la mstari huo, mmetoka sare.

Kosa kubwa ni kuandika raundi nzuri tu ili handikapu ionekane ya kujivunia. Ukifanya hivyo utapewa mikwaju michache na utapigwa kila wiki. Kosa baya zaidi ni kinyume chake, kuficha uwezo ili upewe mingi. Hilo ni wizi, na watu hulijua haraka. Andika kila raundi siku ileile. Shimo likikuharibikia, la juu unaloruhusiwa kuandika kwa ajili ya handikapu ni pa, ongeza 2, ongeza mikwaju unayopewa hapo. Pa 4 yenye mkwaju mmoja ni 7, hata kama ulipiga 10.

Mchezo wa kirafiki utakaoukuta kila mahali unaitwa Nassau: mechi tatu ndani ya raundi moja, yaani mashimo 9 ya kwanza, 9 ya mwisho, na 18 yote. Mnashindana shimo kwa shimo, si kwa jumla ya mikwaju. Aliyepigwa vibaya mwanzoni anaanza upya shimo la 10, ndiyo maana hakuna anayekata tamaa. Watu huweka dola mbili kwa kila mechi. Asiyecheza kamari aseme mapema, mwandikiane alama tu. Kabla ya mpira wa kwanza kubalianeni mambo matatu: nani anapewa mikwaju mingapi, kama mpira ulio karibu na shimo unaweza kusamehewa, na kama kuna kurudia mpigo wa kwanza. Ugomvi wote niliowahi kuusikia umetoka kwenye mojawapo ya hayo matatu.

Kazini utaalikwa kwenye scramble, mashindano ya hisani ya timu za watu wanne. Wote wanapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri kuliko yote, wote mnapiga kutoka hapo, hadi shimoni. Asiyejua gofu asiogope, ila aende na kazi moja mkononi: kupiga pata. Fanya mazoezi ya mita moja na nusu kwa wiki mbili, omba upige wa kwanza kwenye grini ili wenzako waone mpira unavyopinda, na mpira wako usiishie kabla ya shimo, kwa sababu mpira usiofika hauwafundishi kitu.

Na ukiwa Ohio, kata tiketi ya Clearview, East Canton. William Powell alirudi kutoka vita vya pili vya dunia, alikopigana upande wa nchi yake, akanyimwa mkopo wa askari waliorudi kwa sababu ya rangi yake. Madaktari wawili weusi wakaingia naye ubia, kaka yake akaweka nyumba rehani, naye akageuza shamba la maziwa kuwa kiwanja kwa mikono yake, akifanya kazi ya ulinzi kiwandani usiku. Mashimo 9 yalifunguliwa mwaka 1948, 18 yalikamilika mwaka 1978, na tangu siku ya kwanza mtu wa rangi yoyote alicheza. Binti yake, Renee, aliingia LPGA, chama cha wanawake wachezaji wa kulipwa, mwaka 1967, mwanamke mweusi wa pili baada ya Althea Gibson. Kiwanja kimebaki mikononi mwa familia. Ada unayolipa kaunta pale inakwenda kwenye majani yale yale aliyoyapanda mzee Powell.