Heller 20 za Tabora, aina kwa aina: nilipofikia

Zamani nilikusanya sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani kama wengi: moja ya kila thamani, moja ya kila mwaka, basi. Walionivuruga ni wakusanyaji wa Marekani wa senti kubwa za shaba za 1793 hadi 1814. Wale hawaridhiki na mwaka. Wanatazama ni muhuri gani uligonga mbele na upi uligonga nyuma, na kila jozi wanaihesabu kuwa sarafu yake. Mmoja wao, William Sheldon, alizipa namba mwaka 1949, na uadimu wake ukapimwa kwa madaraja, R1 ya kila siku hadi R8, ambayo zinazojulikana hazizidi tatu. Nikatafuta sarafu ya kwetu inayostahili kusomwa hivyo, na haikunichukua muda: heller 20 ya Tabora, 1916 (heller ilikuwa chenji ya rupia ya Wajerumani).

Kwa asiyeijua: vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani na sarafu mpya kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Chenji ikabidi igongwe bara, kwenye karakana ya reli Tabora: heller 5, heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ambayo mimi naitazama kwenye picha tu. Septemba 19, 1916, majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini. Kwa hiyo mkusanyo wote huu ni wa miezi michache ya kazi ya haraka, na kazi ya haraka ndiyo inayozaa aina. Sarafu za Berlin na Hamburg zimenyooka mno, hazina cha kusoma.

Taji na herufi L

Upande wa mbele una taji, na taji lipo kubwa na lipo dogo. Upande wa nyuma unatazama herufi L mbili katika neno Heller: kuna ambayo L ya pili pekee imejikunja ncha, kuna ambayo zote zimechongoka, na kuna ambayo zote zimejikunja. Katalogi huziita A, B na C. Zidisha kwa metali mbili, shaba nyekundu na shaba ya manjano, unapata michanganyiko 12 kwenye karatasi. Kwenye karatasi, nasema, maana si lazima kila mmoja uliwahi kugongwa.

Taji halinisumbui, hata sarafu iliyochakaa hulionyesha. L ndizo zinazotesa. Ncha ndiyo huanza kufutika, na ugongaji wenyewe mara nyingi ulikuwa hafifu tangu siku ya kwanza. Sasa napiga picha kwa taa ya ubavuni, iliyolazwa karibu usawa wa meza, na kivuli kinaonyesha mkunjo ambao jicho halikuuona.

Metali

Hapa ndipo penye utamu. Miaka mia na ushee ardhini hufanya shaba zote mbili kuwa kahawia ileile, na wauzaji huita kila kitu shaba nyekundu kwa sababu ndiyo adimu na ndiyo ghali. Kukwangua siwezi, ukikwangua umeiua sarafu. Dawa ni maji. Napima sarafu kavu kwa mizani ya sonara, kisha naweka bilauri ya maji juu ya mizani, naisawazisha iwe sifuri, na kuizamisha sarafu kwa uzi bila kugusa chini. Namba inayotokea ni ujazo wake. Moja ilikuwa na gramu 11.20, majini ikaonyesha 1.26: gawanya uzito kwa ujazo, unapata 8.89, shaba nyekundu, maana ya manjano huwa nyepesi zaidi kwa ujazo uleule. Nyingine, aliyoniuzia mzee mmoja kwa kuapa kuwa ni nyekundu, ilikuwa 10.42 kwa 1.23, yaani 8.47. Ya manjano. Mzee sikumrudia, bei yenyewe ilikuwa ya manjano.

Uzito nao hauna adabu, unapanda na kushuka kati ya sarafu na sarafu, hivyo mizani pekee haikwambii metali.

Mawindo

Shida kubwa si fedha, ni hadithi. Mtu akiokota heller shambani anaambiwa ni mali ya Mjerumani, bei inapaa hadi ya kiwanja. Wengine huisugua kwa majivu na ndimu ing'ae kabla ya kuniletea, na L ndio zinaondoka kabisa. Ninaomba kila mara: leteni na uchafu wake.

Nilicho nacho hadi leo: za manjano zenye taji kubwa na taji dogo, kwa nyuma A na B. Nyekundu ninazo, ila zote ni za taji moja. Nyuma C ninayo moja, imetobolewa kwa ajili ya mkufu, tundu limepita pembeni na L zote mbili zimesalimika, kwa hiyo inahesabika. Kinachofuata ni nyekundu ya taji dogo. Mwenye nayo anitumie picha ya pande zote mbili, taa ubavuni, pamoja na uzito wake mkavu.