Toka Malindi hadi Mlima Kenya: baridi na tope la vuli

Ukishuka Naro Moru, mji mdogo chini ya mlima, jua linawaka, utadhani bado uko pwani. Usidanganyike. Juu ya Kituo cha Met (kituo cha hali ya hewa), mita 3,050, njia inaingia kinamasi cha mlimani, na vuli ikianza tope linafika kifundoni, pengine zaidi. Ondoka alfajiri, mvua hupenda mchana.

Fulana ya pamba iache nyumbani: ikilowa jasho haikauki, na kwenye kambi ya Mackinder's, mita 4,200, usiku maji huganda. Vaa sufu. Kikoi? Cha kulalia tu, juu ya soksi mbili.

Chupa ya maji isimamishe kichwa chini. Barafu huanzia juu, kwa hiyo itashika kwenye kitako na mdomo utabaki wazi saa tisa usiku, mnapoanza kupanda kilele cha Lenana.