Mkongwe wa siku tatu: nani apewe zamu ghalani?

Kwenye maghala ya Dar es Salaam, Barabara ya Nyerere hadi Kurasini, mabishano ya zamu hayakosi kauli ya "mimi nilikuja kabla yako". Kama mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, haujataja lolote kuhusu ukongwe (nani alitangulia kuajiriwa), kauli hiyo haina meno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi mtu haki ya kuchagua zamu kwa kuwa alitangulia. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinautaja muda wa utumishi, lakini kwenye kupunguza wafanyakazi, tena kama kigezo kimoja kati ya kadhaa. Zamu, kazi ya tali (kuhesabu mzigo), kazi ya foklifti, ovataimu: hayo chama kinayapata mezani au hakiyapati kabisa.

Kwa wanaofanya kazi siku chache kwa wiki, shida ya kwanza ni hesabu. Chukua mtu aliyeanza Machi 2021, siku tatu kwa wiki, saa tisa kwa siku. Mwenzake kaanza Machi 2022 kwa saa 45 kamili za wiki. Kufika Machi 2025, wa kwanza ana miaka minne lakini saa 5,616 tu. Wa pili ana miaka mitatu na saa 7,020. Ukihesabu kwa kalenda, wa siku tatu yuko mbele. Ukihesabu kwa saa, yuko nyuma kwa saa 1,404, na kila wiki pengo linaongezeka. Kwa kupanga zamu, mimi nashika kalenda: siku tatu alipangiwa na mwajiri, hakuzichagua. Walioanza siku moja watenganishwe kwa namba ya mkataba, na hilo nalo liandikwe.

Halafu kuna mapengo. Kibarua husimamishwa mzigo ukipungua, akirudi anaandikiwa tarehe mpya, na miaka imepotea. Weka kifungu kwamba pengo lisilozidi, tuseme, siku 90 halifuti tarehe ya kwanza. Mwajiri akigoma, mkumbushe kwamba kwa likizo yenye malipo sheria yenyewe inajumlisha vipindi: aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yule yule, jumla ikipita miezi sita, anastahili. Hakikisha pia vibarua wametajwa miongoni mwa wafanyakazi wanaosemewa na chama. Wakiachwa nje, orodha nzima ya ukongwe haiwahusu.

Sasa maneno mawili yanayoangusha wengi. "Apewe mkongwe mwenye sifa zinazotosha" na "apewe mwenye sifa zaidi, zikilingana, mkongwe" yanafanana kwa mbali tu. La kwanza linamwuliza mkongwe kama anaweza kazi, basi. La pili linamwachia supavaiza kupima nani bora, na sifa hazitalingana hata siku moja. Foklifti ni mfano mzuri: asiye na mafunzo na leseni hapandi hata awe na miaka ishirini, na hilo ni sawa. Lakini nafasi za mafunzo zisipofuata orodha, kijana wa juzi atapelekwa kusoma, na nafasi ikitangazwa mwenye sifa atakuwa mmoja.

Ovataimu ina ugonjwa wake: supavaiza anatupa ujumbe kwenye grupu la WhatsApp na wa kwanza kujibu anapata. Ni saa zenye malipo ya mara moja na nusu, kwa hiyo si jambo dogo. Utaratibu unaofaa ni kupiga simu kuanzia juu ya orodha, kuandika saa na jibu, na aliyekataa asirukwe siku nyingine. Zamu ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 tu ya mshahara wa msingi, ndiyo maana wakongwe huikimbia na kuwaachia wageni.

Mkataba ukishasainiwa, nakala iende kwa Kamishna wa Kazi, na orodha ibandikwe ghalani kila baada ya miezi mitatu. Ukirukwa, piga picha ratiba siku hiyo hiyo kabla haijabanduliwa, mpe mwakilishi wa tawi, na hesabu siku: malalamiko ya aina hii yana siku 60 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila ukiachishwa kazi unazo 30 tu.