Kanda ya Willie Nelson niliyodhani imeharibika

Mara ya kwanza kusikia Red Headed Stranger, albamu ya Willie Nelson, mwimbaji wa country wa Marekani, nilidhani kanda ya mzee imeharibika. Hapo nyumbani Nakuru Jumapili asubuhi ilikuwa ni Jim Reeves na Kenny Rogers, ngoma zimejaa vayolini na waitikiaji wanaimba aaah huko nyuma kama wako mbinguni tayari, sasa huyu jamaa anaimba kwa pua na gitaa moja, kimya, gitaa tena, kimya. Nikatoa kanda nikaanza kuizungusha na biro nikijua utepe umelegea. Mzee akaniangalia tu. "Wacha hiyo, iko sawa."

Miaka mingi baadaye ndio nikasoma vile wakubwa wa Columbia, lebo yake ya muziki, waliipokea hii albamu 1975, nikacheka peke yangu kwa matatu. Kumbe na wao walifikiria kama mimi! Willie alikuwa ameirekodi Autumn Sound, studio ndogo pale Garland, Texas, siku chache tu, na inasemekana gharama ilikuwa kama dola 4,000. Akawapelekea, wakasikiliza, wakaona hii ni demo, ni ya kuonyesha tu vile nyimbo zitakavyokuwa, sasa enda umalizie. Hata Billy Sherrill, mmoja wa wakubwa wao Nashville, hakuipenda kabisa. Na Sherrill si mtu wa kuchezewa, ndiye alitengeneza zile hiti za Tammy Wynette na Charlie Rich, mtu anayeijaza studio vayolini mpaka huoni ukuta. Lakini mkataba wa Willie ulikuwa unampa neno la mwisho, akakataa kuongeza kitu, ikatoka vile ilivyo.

Alafu wimbo uliopasua ni ule mpole kuliko yote, Blue Eyes Crying in the Rain, ambao hata si wake, ni wa Fred Rose, na Roy Acuff alikuwa ameshaurekodi tangu miaka ya 40. Ukaingia namba moja kwenye chati ya country, yake ya kwanza kama mwimbaji, na ameshafika miaka 42 jamani, mtu aliyeandika Crazy, ule wimbo Patsy Cline aliimba huko 1961! 1976 ukampa Grammy. Albamu yenyewe ikaenda kuuza zaidi ya milioni mbili Marekani.

Waandishi ndio walipagawa sasa. Paul Nelson wa jarida la Rolling Stone alimfananisha na Hemingway, yule mwandishi wa riwaya, kwamba nguvu yote imelala katikati ya mistari, kwa kile hakijasemwa. Chet Flippo kule kwa jarida la Texas Monthly makala yake iliitwa Mathayo, Marko, Luka na Willie, yaani Yohana ametolewa kwa benchi kabisa. Na 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitaja kati ya rekodi za kuhifadhiwa.

Sasa hapa ndio mimi naachana kidogo na wale wanaosimulia hii hadithi kila mwaka, eti wakubwa wa lebo walikuwa wajinga na msanii akawafundisha adabu. Mimi siwacheki sana. Sikio ni mazoea. Ukilishwa pilau miaka kumi ukaletewa ugali na chumvi utauliza mboga iko wapi, si ujinga, ni vile umelelewa. Mimi kanda nililazimika kuisikia karibu kila wikendi kwa sababu redio ilikuwa ya mzee, na ni kama mara ya sita ama ya saba hivi nikaanza kungoja zile kimya zenyewe, vile harmonika ya Mickey Raphael inaingia kama mtu anabisha mlango usiku alafu anaondoka kabla hujafungua. Mkubwa wa lebo anasikiliza mara moja ofisini na anataka kwenda lanchi.

Kitu kingine ambacho wasifiaji wanakipita mbio ni hadithi yenyewe. Ni mhubiri ameachwa na mke, anawafuata yeye na mpenzi wake anawapiga risasi wote wawili. Sawa, nyimbo za zamani za huko ziko na damu nyingi. Lakini kuna mwanamke mwingine pia, wa nywele za manjano, anagusa tu farasi wa yule mke marehemu, naye anapigwa risasi, na mhubiri anaachiliwa kwa sababu eti huwezi kumnyonga mwanaume kwa kumuua mwanamke anayemwibia farasi. Nilipoelewa Kiingereza vizuri nikashtuka, hii tumekuwa tukiskia kila Jumapili tukinywa chai? Upande wa pili anapata mapenzi mapya na anatulia, na hapo hadithi inalegea kabisa, nusu ni ala tupu. Mtu aniambie ni kito, nitakubali, lakini asiniambie hakina ufa.

Ile ala tupu lakini, hapo siongei vibaya. Kuna Just As I Am upande wa kwanza, wimbo wa kanisani, piano ya Bobbie, dada yake Willie, hakuna mtu anaimba. Siku moja mama alikuwa anapita na beseni la nguo, na mama hiyo country ya mzee hakuwahi kuipenda, anaiita kelele za walevi. Akasimama. Nikaona midomo inasonga, alikuwa anaimba Hivi Nilivyo, ya kwa Tenzi, maneno yote anayo. Ikaisha, akaweka beseni chini.

"We kijana, hebu irudishe hapo nyuma."

Nikairudisha na biro, maana kitufe cha kurudisha kilikuwa kimekufa zamani.