Siku Nilipohamisha Watu Wangu Kutoka BeOS

Mwishoni mwa mwaka 2001 nililazimika kuhama BeOS, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta niliokuwa nikiutumia badala ya Windows. Kampuni ya Be, iliyoutengeneza, ilikuwa imeuza mali yake kwa kampuni ya Palm kwa dola milioni 11, wanahisa wakapitisha mauzo hayo mwezi Novemba, na sisi tuliokuwa tukiutumia mfumo ule kila siku tulijua kwamba toleo la 5, lililotoka Machi 2000, halingepata mdogo wake. Kadi mpya za picha na za sauti zilitoka bila programu za kuziendesha kwenye BeOS. Kazini nako kulikuwa na programu ya kuandaa nyaraka iliyotaka Windows tu. Nikatenga siku ya mapumziko, nikamwomba mwenzangu wa kazini aje na kompyuta yake, tuhamishe vitu taratibu.

Nyimbo, picha na maandishi vilihama bila taabu. Folda iliyonikalisha hadi usiku ni ile iliyoitwa People.

Kwenye BeOS, mtu alikuwa faili. Ukimsajili rafiki, programu ndogo ya People ilitengeneza faili lenye jina lake, nalo likakaa kwenye folda kama faili jingine lolote. Ukiifungua folda hiyo kwenye Tracker, programu ya kuvinjari mafaili, unaona safu zimejipanga: jina, barua pepe, simu ya nyumbani, simu ya kazini, kampuni. Namba ya mtu ikibadilika, huna haja ya kufungua programu yoyote. Unabofya ile namba palepale kwenye orodha, unaandika mpya, unabonyeza Enter, umemaliza.

Mimi nilikuwa nimejiongezea safu niliyoiita fani, maana kazi yangu ilinikutanisha na wafasiri, wachoraji na wapiga chapa wengi. Jambo hilo halikuhitaji fundi. Kwanza nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika mkindex fani, amri ya kuunda faharasa ya kutafutia. Ilibidi ianze hiyo, kwa sababu faharasa ya BFS, mfumo wa mafaili wa BeOS, huyajua mafaili yanayopewa sifa (habari inayobandikwa kwenye faili, kama simu au fani) baada ya faharasa kuundwa, si yale ya zamani. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya aina za mafaili, nikaitaja sifa hiyo mpya, na kuanzia hapo kila faili la mtu liliweza kuibeba. Miaka ya kazi yangu ilikuwa imekaa kwenye safu ile moja.

Siku ile nilinakili folda nzima kwenye diski ya pili niliyoifomati kwa FAT, mfumo wa mafaili ambao Windows iliweza kuusoma. Mwenzangu akaiunga kwenye kompyuta yake. Majina yote yalikuwepo, yamepangwa kwa alfabeti. Akabofya la kwanza, akabofya la pili, akashuka chini kidogo akajaribu jingine. Kisha akaniita.

"Ndugu yangu, haya mafaili ni matupu."

Nikasogea. Safu ya ukubwa ilikuwa na sifuri kuanzia juu hadi chini, mtu mmoja baada ya mwingine. Kwangu sifuri hizo hazikuwa ngeni, kwa sababu hata kwenye BeOS mafaili yale yalikuwa na ukubwa wa 0. Hakuna kilichokuwa kimeandikwa ndani yake. Yote tuliyoyajua kuhusu mtu yaliandikwa kwenye sifa za faili, pembeni ya maudhui yake, na FAT haina mahali pa kuziweka sifa za namna hiyo. Ilipokea jina ikaacha mengine nje.

Mwenzangu hakuwahi kuutumia mfumo huo, akataka kujua ni nani aliyefikiria kuweka simu ya mtu mahali kama hapo. Nilifurahi kuulizwa. BFS iliundwa na Dominic Giampaolo na Cyril Meurillon, walioianza mwaka 1996. Kabla yake, BeOS ilikuwa na hifadhidata iliyosimama kando ya mafaili, na viwili hivyo vilikuwa vikipishana: faili limebadilika, hifadhidata haina habari. Wao wakaiingiza kazi ya hifadhidata ndani ya mfumo wa mafaili wenyewe. Kila faili kwenye BFS lina rekodi yake ya msingi kwenye diski, inode, inayotunza tarehe, mwenye faili na mahali data ilipo. Inode huchukua bloku nzima, yaani kipande kizima cha diski, na nafasi inayobaki kwenye bloku hiyo hupewa sifa ndogondogo. Ukishalipata faili umeshaipata na namba ya simu, bila diski kusomwa mara ya pili. Bado naona huo ni ufundi wa hali ya juu.

Maneno matupu yasingemtosha, kwa hiyo nikamwita kwenye kompyuta yangu. Nikafungua dirisha la kutafuta, nikaomba watu wote ambao fani yao ni mchoraji. Orodha ikajaa papo hapo. Nikaliacha dirisha hilo wazi, nikafungua folda ya People pembeni yake, nikachukua faili la mtu ambaye safu yake ya fani ilikuwa tupu, nikaandika "mchoraji", nikabonyeza Enter. Jina lake likaingia kwenye dirisha la kwanza bila mimi kuligusa. Nikalifuta lile neno, jina likatoka. Mwenzangu akaomba nirudie. Safari hii aliandika yeye mwenyewe, akakaa akiangalia dirisha lile la kutafuta.

Watu wengi wanaoikumbuka BeOS huanza na kasi yake. Ni kweli ilikuwa na kasi: iliwaka upesi, ilicheza video kadhaa kwa pamoja kwenye mashine ambayo mifumo mingine iliihangaikia kwa video moja, na umeme ukikatika hukukaa kusubiri diski nzima ikaguliwe, kwa sababu BFS iliandika kwanza mabadiliko iliyokusudia kuyafanya kabla ya kuyafanya. Hayo yote niliyapenda. Lakini mashine mpya zilikuja na kasi zaidi, na kasi ya BeOS sikuililia tena. Kilichonibaki moyoni ni ile hali ya swali kuwa hai, na jibu lake kutokuwa mali ya programu yoyote. Programu ya barua, Tracker, skripti yangu ya mistari michache, zote ziliuliza mahali pamoja zikajibiwa sawa.

Barua pepe zilitoka salama zaidi. Kila barua kwenye BeOS ilikuwa faili la maandishi la kujitegemea, mtumaji na mada vikiwa vimeandikwa ndani yake, na sifa zikirudia habari hizo kwa ajili ya kutafuta. Kilichopotea ni hali ya barua, yaani ipi ilisomwa na ipi ilijibiwa. Programu niliyohamia ilizifungia barua zote za folda moja ndani ya faili moja kubwa ambalo ni yenyewe tu iliyoweza kulisoma. Nilizihamisha kwa shingo upande.

Kwa watu, ilibidi tutumie terminali. Nikaandika skripti fupi ya kupita kwenye kila faili na kuzitoa sifa zake kwa catattr, amri ya kusoma sifa za faili: META:name, META:email, META:hphone, META:wphone, META:company, na ile fani yangu. Kila mtu akawa mstari mmoja, habari zake zikitenganishwa kwa koma. Mwenzangu alikuwa akizisoma namba kutoka kwenye skrini yangu na kuzilinganisha na jedwali lililofunguka kwake, na tulipokuta zinalingana hadi herufi Z alifurahi kuliko mimi. Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Mimi niliangalia jedwali lile nikaona watu wangu wamegeuzwa kuwa orodha, na orodha hiyo haikujua mtu anapobadilisha kazi mpaka mimi niende kuiambia.

Nilimweleza pia, maana alikuwa bado ana maswali, kwamba mwaka 1996 Apple ilijadiliana na Be kuhusu kuinunua, kisha mwezi Desemba ikachagua kampuni nyingine, NeXT. Jean-Louis Gassée, mwanzilishi wa Be, mwenyewe alikuwa ametoka Apple. Nilisema siku ile, na nasema hata leo, kwamba BeOS haikushindwa kwa ubora. Ilikosa mlango wa kuingia kwenye kompyuta mpya zilizouzwa na Windows ndani yake, na Be iliishtaki Microsoft kwa jambo hilo. Kesi ilimalizwa mwaka 2003 kwa makubaliano ya dola milioni 23.25, na kufikia wakati huo BeOS ilikuwa imeshatoka sokoni.

Ile diski ya BFS sikuifuta. Niliichomoa, nikaandika juu yake kwa kalamu nene, nikaiweka. Mwaka uleule wa 2001 kundi la watu waliokataa kuuacha mfumo ufe walianza kuuandika upya kuanzia mwanzo kwa jina la OpenBeOS, ambalo mwaka 2004 likawa Haiku. Toleo lao la kwanza la majaribio lilitoka Septemba 2009. Nilipolipata niliiunga diski, na folda ya People ikafunguka na safu zake zote, fani ikiwa mojawapo. Nikatafuta wachoraji. Baadhi yao walikuwa wameshaacha uchoraji, kwa hiyo nikaanza kurekebisha, mmoja mmoja, palepale kwenye orodha.