Nilivyoacha kupeleka picha Dar nikaanza kuuzia hapahapa Mtwara

Watu wananiulizaga naishije kwa kuchora hapa Mtwara, haya ngoja niseme. Mi nilianza na kuchonga, babu alikuwa mchongaji Newala, nikaenda Dar pale Mwenge kwenye vinyago nikakaa miaka mitatu nachonga twiga na simba, kila banda simba yuleyule, na mpingo ukikosekana tunachonga mti mweupe tunaupaka dawa ya viatu mtalii anabeba anaondoka zake. Mzee mmoja pale ndo akaniambia jaribu rangi, hata Lilanga, yule mchoraji maarufu, alianza kwenye kinyago kama wewe.

Nikajaribu. Nikapeleka picha sita kwenye duka moja mali kauli, kila nikifuatilia naambiwa njoo wiki ijayo, mara duka limehama. Nikarudi nyumbani na begi tu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba ukiangalia vizuri sehemu kubwa ya sanaa hii ya Tanzania inayojulikana nje imetoka huku kusini, Lilanga ni wa Masasi, Tingatinga mwenyewe wa Tunduru pale jirani alianza kupaka hadibodi kwa rangi ya baiskeli mwaka 1968 hivi, miaka minne mbele kafariki na leo jina lake ndo jina la staili nzima. Ila wote wametoka huku wakatokea Dar. Huku ukisema we msanii wanajua unaimba.

Basi nikanunua hadibodi, fundi akanikatia vipande, na rangi ya mafuta ya kopo. Ile rangi inang'aa kweli ila haikauki leo wala kesho, na upepo wa huku unaujua, asubuhi naikuta ina mchanga na mbu wamenasa kwenye shavu la mtu. Nikachukua chandarua cha kitandani nikafunika picha, wife alinuna wiki nzima lakini dawa ilikuwa hiyo.

Simba nikaachana nao. Nikachora midimu, wale wacheza ngoma wa kuvaa vinyago usoni, wanavyocheza wari wakitoka unyagoni, na bibi mmoja ana ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo na chale mashavuni. Nikamwomba mama lishe mmoja wa pale Chikongola, hapahapa Mtwara, nitundike kwenye ukuta wake, akasema "tundika mwanangu, ila moshi usije ukanidai mimi". Miezi miwili hakuna aliyeuliza bei, kazi kuzicheka tu. Nilikuwa nimekosea msimu, Mtwara hela ni korosho bwana, kabla minada haijaanza hata shati mtu hanunui.

Mwezi wa kumi na moja hivi akaja mzee katoka Tandahimba, wali umepoa yeye anaangalia ukuta. "Mjomba, huyu bibi yangu umemjulia wapi?" Nikamwambia simjui, nimechora tu. Hakukubali. Nikasema elfu thelathini, akatoa ishirini na tano akafunga picha kwenye kanga ya mkewe. Kabla ya krismasi nimeuza nne, zote kwa watu wa hukuhuku, duka la Dar halijawahi kunipa hata nusu ya hapo.

Juzi karudi yule mzee anataka na babu yake, picha yake hana hata moja, kanielezea kwa mdomo tu. Niko kwenye hadibodi ya tatu sasa hivi, kila nikimwonyesha anasema pua bado.