Dairekta ni yule anayemlipa fundi geti anyamaze

Saa kumi na moja alfajiri, Tabata. Mwanangu bado amelala, mimi nahesabu betri za kamera na nauli za waigizaji. Majirani wanajua nafanya "mambo ya TV", kwa hiyo wanadhani nimekalia hela.

Saa moja tuko lokesheni, nyumba ya kukodi kwa siku. Kufikia saa tatu tumemaliza sini mbili kati ya nane. Kibali cha Bodi ya Filamu ninacho mkobani, serikali ya mtaa wana taarifa. Najisifu kimoyomoyo.

Saa nne kasoro, grinda.

Nyuma ya ukuta kuna fundi wa mageti. Sini yetu: mke anaambiwa mumewe ana familia nyingine, analia kwa sauti ya chini. Fundi sauti anavua hedifoni. "Dada, haifai." Kweli haifai. Grinda likinguruma kwenye picha ya mke, ukihariri ukahamia picha ya mume limenyamaza, mtazamaji anashtuka.

Nikaenda. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, ila hili geti mwenyewe analifuata saa kumi." Nikatoa elfu kumi. Akaangalia taa zetu, akaangalia kamera, akacheka. Tukafika elfu ishirini na tano kwa nusu saa. Hiyo ilikuwa hela ya wali wa watu kumi na wanne. Prodyuza angenigombeza, ila prodyuza ni mimi.

Narudi, machozi ya dada anayeigiza mke yamekauka. Apakwe poda upya. Ekisheni! Ndege inashuka Uwanja wa Nyerere. Huyo rubani sina namba yake. Ekisheni! Msichana wa mavazi anapiga kelele: bangili! Kwenye sini ya mlangoni alikuwa nayo. Bangili iko wapi? Jikoni, kwenye sinki. Mara ya sita dada akalia mpaka mshika maiki akafuta macho. Sikusema "kata" haraka, nilimwacha amalize. Kwa dakika kama hiyo naendelea na kazi hii.

Grinda likawaka palepale.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Tulikula chapati na maharage, jua likatukimbia, sini mbili zikabaki.

Usiku niko kwenye kuhariri, macho yanawaka, simu inaita. Namba ngeni.

"Mwanangu, mimi fundi wa geti. Kesho mnakuja? Nisiwashe?"